Siku Niliyoshusha Bei ya Ugonjwa

Kiatu cha mtumba kina upande wa kumwonyesha mteja na upande wa kushika mkononi. Tundu likiwa kisiginoni, kidole gumba changu kinakaa kisiginoni. Sisemi uongo, mteja akiuliza, namjibu. Ila sijawahi kumwona muuza viatu anayefungua mazungumzo kwa kueleza tundu. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi sokoni Dodoma tangu nihamie kutoka Kongwa, nikiuza na kushona, na hivyo ndivyo nilivyomlea binti yangu bila kujua kwamba ni biashara ile ile.

Binti yangu anaona kwa jicho moja. La kushoto ni la bandia. Alipokuwa mdogo, hajaanza hata shule, mama yake aliona weupe ndani ya jicho lile kila taa ilipompiga usoni, weupe kama wa macho ya paka gizani. Nikasema ni mwanga tu. Mama yake hakubishana na mimi. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda hospitali, nami nikafuata nyuma. Wakatupeleka Dar es Salaam. Huko wakatuambia ni saratani, kwamba watoto nao wanaipata, na kwamba jicho litolewe ili mtoto abaki. Mimi, ambaye sijawahi kununua hata nyanya kwa bei ya kwanza, nilimwuliza daktari kama hakuna namna nyingine. Akasema hakuna. Nikamwuliza mara ya pili, kwa sababu kila kitu nakihesabu mara mbili. Akasema, "Hakuna, baba." Tukatia saini.

Jicho likatolewa, dawa zikaingia, nywele zikadondoka, nywele zikaota. Tuliporudi Kongwa watu walikuja kutupa pole kwa sauti za msibani, huku mtoto amekaa pale pale anakula muhogo. Wengine waliwazuia watoto wao wasicheze naye, wasije wakaambukizwa. Tukahamia mjini, mtaa ambao hakuna anayetujua, na jirani wa kwanza alipouliza habari za jicho, nilimjibu kwamba mtoto alichomwa na kijiti akicheza. Jibu likapita. Nikalitumia tena kwa wa pili. Kadiri miaka ilivyokwenda kijiti kile kilikomaa. Nilifikia hatua ya kuweza kukueleza kilitoka kwenye mti gani.

Kukimbia alianza mwenyewe. Ukimtuma chumvi, amerudi kabla hujakumbuka ulichosahau kumwagiza. Sekondari akawa anaamka alfajiri na wenzake wawili, wanashika barabara ya Zuzu, wanarudi wamejaa vumbi, na yeye anaanza kwanza kuosha lile jicho la bandia, maana upepo wa Dodoma ukiingiza mchanga mle ndani ni mateso. Alikuwa anashinda. Medali za bati anazitundika kwenye msumari mmoja na taulo lake.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa amefaulu. Alichokitaka nilikijua: shule moja ya bweni yenye uwanja wa kweli na kocha. Mimi na mama yake tulikuwa tumeshaelewana bila kusemezana kwamba shule ile hatuiwezi. Hapo bado kuna safari ya kila mwaka kwenda Dar kupimwa, ambayo ikipita nauza viatu kwa bei ya majonzi mpaka nirudi juu. Binti hakuomba. Alikuwa anakunja nguo zake polepole, na kukunja nguo polepole siyo tabia yake.

Mwalimu wake wa michezo ndiye aliyekuja mezani kwangu. Alianza kwa kuulizia raba, kama wanavyoanza watu wote waliokuja kwa jambo jingine. Baadaye akalitoa. Kuna familia hapa mjini ilifiwa na kijana wao, mwanariadha, alichukuliwa na saratani ya damu akiwa bado shuleni. Kwa kumbukumbu yake, kila mwaka wanamsomesha kijana mmoja mwanamichezo ambaye naye amepitia saratani, iwe ya aina yoyote: ada ya bweni, vifaa, pamoja na nauli na gharama za kwenda kupimwa. Alishapeleka jina la binti yangu. Walitaka kutuona.

Nikamwuliza nani kamwambia habari za saratani.

"Yeye mwenyewe, mzee. Mbona alinieleza siku ya kwanza tu uwanjani."

Nikainama nikapanga viatu vilivyokuwa vimeshapangwa.

Siku ya kuitwa tulielekezwa chumba cha nyuma cha duka moja la vifaa, mtaa wa maduka ya Wahindi. Nilivyoliona duka, nikapunguza mwendo. Duka lile nalijua kuliko nyumba yangu. Ndiko ninakonunua gundi, uzi na misumari midogo. Na mama mwenye duka, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua, alikuwa ameketi pale mezani pamoja na mwalimu mkuu mmoja mstaafu, akitungoja. Mama huyu na mimi tumebishania gundi miaka mingi. Mimi nimewahi kumwambia, mbele ya wateja, kwamba gundi yake imechanganywa maji. Yeye amewahi kuniambia kwamba bei ninayotoa mimi hutolewa msikitini Ijumaa kwa maskini. Binti akawasalimia shikamoo. Mimi nikawasalimia nikiwa nimekumbuka kila shilingi niliyowahi kuivuta kutoka mkononi mwa yule mama.

Kulikuwa na rafu ukutani nyuma yao, na juu ya rafu jozi moja ya raba za kukimbilia. Nilizitambua kwa uzi. Miaka michache nyuma yule mama alinijia nazo mwenyewe sokoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, soli ya kulia imeachia. Nikamtajia bei ya kuanzia, ile ambayo hata mimi niliyeitaja najua ni mzaha, tukutane katikati. Akalipa. Hakusema neno, hakunitukana, hakuondoka ili nimwite. Alilipa akasimama akiangalia ninavyoshona. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba yule mama lazima anaumwa. Sasa, nimekaa mbele ya ile rafu, ndipo nilipojua zilikuwa za nani, na kwa nini siku ile hakuwa na nguvu ya kubishana.

Mwalimu mkuu mstaafu akatuuliza habari za ugonjwa. Hapo ndipo nilipoingia kazini.

Nilijiambia hivi: hakuna mtu anayeweka fedha zake kwenye kitu kinachoweza kuharibika kesho. Wakijua ugonjwa ulikuwa mkubwa, watamchukua mwingine aliye mzima zaidi. Basi kidole gumba kikaenda mahali pake. Nikasema ilikuwa kidogo tu. Nikasema ya jicho tu, tena jicho lenyewe moja. Nikasema iliwahiwa, dawa hazikuwa nyingi, mtoto hata hakumbuki. Yule mzee akauliza kuhusu kwenda kupimwa. Nikasema huo ni utaratibu wa hospitali, mnajua hospitali zilivyo, hata mwaka ukirukwa hakiharibiki kitu. Nilikuwa nazungumza vizuri sana. Kila sentensi iliutoa ugonjwa kidogo mlangoni, mpaka ukawa mafua.

Mzee yule akavua miwani.

"Basi tumshukuru Mungu," alisema, na alimaanisha. "Ila sasa, baba, tunao vijana wengine ambao ugonjwa huu umewagusa sana. Nadhani unatuelewa."

Nilimwelewa. Nilikuwa nimeshusha bei mpaka mteja kaona bidhaa haina thamani. Katika miaka yangu yote ya sokoni sijawahi kufanya kosa hilo, na nilipolifanya nililifanya juu ya mwanangu. Nikainuka. Niliinuka taratibu, nikageuka taratibu, kwa sababu ndivyo mwili wangu ulivyozoea: mtu anayetaka kuitwa haendi haraka. Nikafika mlangoni. Sikuitwa.

Binti hakuinuka. Mama wa duka alikuwa anamtazama yeye, hakuwa ananitazama mimi kabisa.

"Wewe binti," alisema. "Kukimbia na jicho moja kukoje?"

Binti akafikiri kidogo. "Uwanja tunauzunguka kwa kushoto, mama. Mstari wa ndani unakuwa upande nisioona. Zamani nilikuwa naukanyaga, wananitoa kwenye mashindano. Sasa nakaa mbali nao. Nakimbilia huku nje, karibu na njia ya pili."

"Lakini huko nje ni mbali zaidi."

"Ndiyo, mama."

"Kila mzunguko?"

"Kila mzunguko."

Nami nilisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, nikiwa sijui niuweke wapi. Nimesimama pembeni ya viwanja vya vumbi kuanzia Chamwino mpaka Kongwa, simu mkononi nikipima muda wa mtoto huyu, nikiupima tena nisije nikawa nimekosea, na sikuwahi kuhesabu kwamba mwanangu anakimbia mbio ndefu kuliko wote waliosimama naye kwenye mstari. Anazikimbia, anashinda, anarudi kuosha jicho.

"Na kupimwa siruki," aliendelea, sasa akinitazama kwa jicho lile zuri. "Daktari alisema kila mwaka. Baba anaogopa mkijua naweza kuugua tena hamtanichukua."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyonikumbusha kufunga vifungo vya shati.

Mama wa duka aliweka viganja vyake mezani, akavitazama. "Wangu naye alikuwa anamficha kocha ugonjwa wake," alisema. "Alikuwa anatapika nyuma ya vyoo vya uwanja, anarudi kukimbia. Sisi nyumbani tukawa tunamsaidia kuficha." Kisha akainua macho, na sauti ikawa ile ya dukani. "Fundi. Unakwenda wapi? Kaa. Hatujamaliza na wewe."

Nimeitwa na wauzaji wengi katika maisha yangu. Sijawahi kurudi haraka namna ile.

Safari hii walipouliza, nilieleza tundu. Nilieleza usiku wa dawa, na jinsi alivyokuwa anatuuliza jicho lake limewekwa wapi. Nilieleza kijiti. Mwalimu mkuu mstaafu akacheka kwenye kijiti, halafu akaomba radhi, nami nikamwambia acheke tu, kimetufaa miaka mingi. Tulipotoka nje nilimwuliza binti kwa nini hakuniambia habari za ule mstari wa ndani.

"Ningekwambia, baba, ungenifundisha niseme ni kijiti."

Nikamnunulia zabibu, na kwa mara ya kwanza mwenye zabibu akanitajia bei nikawa sijamsikia.

Mwalimu wa michezo alipiga simu wiki iliyofuata. Nilikuwa na mteja, kashika kiatu, tumekaribia kukubaliana. Mwalimu akasema amepata. Nikamwomba aseme tena. Akasema amepata, mzee, ada, vifaa na safari za kupimwa, ajiandae. Nilimwachia mteja kile kiatu kwa bei aliyokuwa anaitaka tangu mwanzo, naye akaanza kukikagua upya, akidhani kina ubovu ambao sijamwambia.

Kabla ya kwenda bweni tulipanda treni mpya kwenda Dar kupimwa, safari hiyo nikiwa sijauza kitu kwa hasara ili niilipe. Daktari alikuwa kijana, siyo yule wa zamani. Alimulika, akapiga picha, akatuacha tukisubiri kwenye benchi, mama yake kashika mkono mmoja wa mtoto na mimi kiatu chake, maana kamba ilikuwa imekatika nikawa nafunga fundo. Akatuita. Akasema safi, hakuna kitu.

"Hakuna kitu?" nikauliza.

"Hakuna, baba."

Neno lile lile. Miaka ile lilinifungia mlango, safari hii nilitaka alirudie mpaka jioni. Mke wangu akanivuta shati.

Binti alipokwisha kwenda shule nilihitaji gundi. Nilikwenda duka lile nimevaa shati safi, na njiani nilikuwa nimeshaamua: mama huyu sibishani naye tena maisha yangu yote. Ataje bei, nitalipa. Haitakuwa heshima kuvutana na mtu aliyenitendea hivyo. Nikaomba kopo la gundi, akataja bei. Ilikuwa bei ya kihuni, niseme ukweli. Nikaziweka noti juu ya kaunta.

Hakuzigusa.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Mtoto?"

"Mzima. Tumetoka kupimwa, wamesema safi. Amesharipoti shule."

"Mkeo?"

"Mzima."

"Sasa mbona unalipa?"

Nikaanza kumweleza habari za shukrani. Akanikata. Alizisukuma zile noti kwa kidole kimoja mpaka zikarudi upande wangu wa kaunta.

"Mimi niliwahi kulipa hivyo, mezani kwako," alisema. "Unaikumbuka siku ile. Sitaki mtu alipe namna hiyo dukani kwangu."

Tulitazamana. Nyuma yangu palikuwa na mteja anangoja misumari ya bati. Nikazirudisha noti mfukoni. Nikalichukua lile kopo, nikalitikisa sikioni, nikaliinamisha upande mmoja, nikaliinamisha upande wa pili, nikamwambia kwamba gundi yake bado inachanganywa maji.

Akaegemea kiti chake, akavuta pumzi kama mtu anayeanza kazi, akaniambia kwamba wagumu kama mimi ndio waliomfanya baba yake apate shinikizo la damu. Nikamtajia bei yangu. Akasema kwa bei hiyo anaweza kuniuzia mfuniko. Tuliendelea hivyo kwa raha mpaka yule wa misumari akachoka, akaenda duka la pili.