Hilaria na Kobol ya Mashamba ya Ngano

Vijana wawili walishuka kwenye lori la shamba asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa Juni, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Mmoja alikuwa Zita, binti wa kijiji cha Mogitu, na mwingine Nikolausi, mtoto wa kijiji cha Gehandu. Wote wawili walikuwa wametoka kusomea kompyuta Dar es Salaam, na walikuwa na hamu kubwa ya kuiona mashine. Hilaria Akonaay aliwapokea mlangoni, akawapa pole ya safari, akawanywesha chai ya maziwa. Kisha akakifunga chumba cha kompyuta na kutia ufunguo mfukoni.

"Twendeni stoo kwanza," alisema.

Nikolausi alicheka, akidhani ni utani. "Dada Hilaria, sisi tumeletwa kuandika programu."

"Najua. Ndiyo maana tunaanzia stoo."

Wakati huo, katikati ya miaka ya themanini, tambarare ya Hanang ilikuwa ngano tupu, shamba likipakana na shamba mpaka macho yachoke. Serikali ilikuwa na mashamba kadhaa, na ofisi moja kuu iliyoyahudumia yote kwa spea, mafuta na mafundi. Hilaria alifika pale akiwa mpiga chapa, msichana kutoka Masieda kule juu Mbulu, ambako baba yake alilima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache. Kompyuta ilipoletwa, mtaalamu wa kigeni aliyeifunga aliona jinsi huyu mpiga chapa anavyosimama nyuma yake akiuliza kila kitu, akamwombea nafasi ya kwenda kusoma. Alirudi akiijua Kobol, lugha ya kuandikia programu za mashine ile. Mtaalamu alipomaliza mkataba na kwenda zake, Hilaria alibaki na mashine peke yake miaka miwili. Upweke ule ulimfundisha kupenda watu wa stoo, wa jenereta na wa redio, kwa sababu hao ndio waliomsaidia kila mambo yalipogoma.

Mtunza stoo alikuwa mzee Gidahosh, Mbarbaig mrefu aliyevaa koti la kazi juu ya shuka yake. Vijana walimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kufundishwa na huyu Mmbulu? Poleni sana."

"Na huyu Mbarbaig akija kuwauliza jambo, mjibuni," alisema Hilaria akiurudisha utani, "hata akirudia mara ya pili na ya tatu. Yeye ndiye anayezishika hizi spea. Ninyi mtaona majina tu."

Gidahosh aliwatembeza katikati ya rafu, akiwaonyesha beringi, vichujio na mikanda ya kombaini za kuvunia iliyoning'inia kwenye misumari kama nyoka waliokaushwa. Walipotoka nje aliwaonyesha kwa fimbo mahali ilipojengwa ofisi. "Hapo palikuwa na magadi. Ng'ombe wa baba yangu walikuwa wakilamba hapo." Hakupandisha sauti. Zita aliinamisha uso, Nikolausi akatazama mlima. Hilaria naye alimwacha mzee amalize. Alikuwa amemsikia mzee akimwambia hivyo kila mgeni, na aliona ni haki yake kusema na ni wajibu wa mgeni kusikia.

Kutoka hapo aliwapeleka kwa Patriki wa jenereta, aliyewaonya wasiwashe mashine ya kuchapa kabla ya kumwuliza kama kuna fundi anachomelea chuma na kuushusha umeme. Halafu kwa Hermani wa redio, mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, aliyekaa kutwa nzima na kipaza sauti akiongea na mashamba yote, polisi, na hospitali ya misheni. Jua lilikuwa limeshageukia magharibi Hilaria alipotoa ufunguo mfukoni.

Alianza kuwafundisha Kobol kesho yake. Walikuwa wameisoma chuoni, lakini kwa kukariri. Yeye aliwaambia ina adabu kama ya mgeni aliyefika nyumbani kwa watu: kwanza inajitambulisha, halafu inasema imetoka mazingira gani, halafu inaonyesha mzigo iliobeba, na mwisho ndipo inaeleza shida iliyoileta. "Nyie vijana mnapenda kuruka kwenye shida. Mtaifikia, msiwe na wasiwasi."

Alikuwa na sharti moja ambalo Nikolausi hakulipenda hata kidogo. Kila programu iliyoandikwa ilibidi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiyejua kompyuta. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Gidahosh, aliyekaa kwenye kiti karibu na dirisha na kuitikia kwa kichwa pale alipoelewa. Zita alisoma polepole, akisita na kurudia. Nikolausi alisoma kama anayefukuzwa.

"Una akili nyepesi, mdogo wangu," Hilaria alimwambia siku moja. "Nikikutazama nafurahi. Lakini pumzika mwishoni mwa sentensi. Mashine hii haina akili ya kukisia ulimaanisha nini."

"Nimekusikia, dada," alijibu Nikolausi, na vidole vyake vilikuwa tayari vinakimbia kwenye mstari unaofuata.

Hilaria alikuwa na jambo lake moyoni ambalo hakuwaambia. Alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika, na hii ya tatu yeye na mumewe Pascal waliibeba kama watu wanaovuka mto na yai mkononi. Mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yameanza, alipata maumivu akiwa kazini. Patriki ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari la mafundi, akikwepa kila shimo, na kwa yale asiyoweza kuyakwepa akiomba radhi kwa sauti. Daktari aliamuru alale kitandani mpaka siku ya kujifungua. Asitembee, asiinue kitu, asijipe mawazo.

Hayo ya mwanzo aliyaweza.

Kule ofisini Nikolausi aliona nafasi yake imefika. Mameneja walikuwa wamelalamika siku nyingi kwamba taarifa ya spea haiwaambii ni kipi cha kuagiza. Akaibadilisha programu, akaongeza maneno machache, akaipitisha kwenye mashine ikakubali bila kulalamika. Kuisoma kwa sauti aliona ni kupoteza wakati, kwani Gidahosh alikuwa na kazi nyingi na Dada Hilaria hakuwepo. Alichapa taarifa mpya na kuisambaza mashamba yote. Alijisikia vizuri mno. Hata Zita alimpongeza.

Haikupita wiki mambo yakaharibika. Kombaini mbili za shamba la mbali zilikatika mikanda. Meneja wao alitazama taarifa, akaona mikanda: hakuna. Akasimamisha kazi na kutuma lori kwenda Arusha kutafuta. Ngano ilikuwa imekauka, inapukutika kwa upepo, na ndege wa kwelea walishaanza kushuka kama wingu. Gidahosh aliposikia habari hizo redioni aliagiza mikanda ianze kupakiwa lorini, kisha akaja chumba cha kompyuta na mkanda mzima mzima begani, akaulaza juu ya meza.

"Nikolausi, mwanangu, nataka unisaidie," alisema kwa upole. "Karatasi yako inasema sina huu. Labda mimi ndiye nimezeeka. Hebu tuangalie pamoja."

Nikolausi aliutazama mkanda, jasho likamtoka. Aliipitia programu yake mara nyingi bila kuona kosa. Zita naye aliipitia, asione. Meneja mkuu alisimama mlangoni akiuliza taarifa nyingine nazo ziaminiwe vipi, kama mikanda inayoonekana kwa macho imeandikwa haipo.

Zita ndiye aliyesema, "Twende kwa Hermani, atutafutie dada hospitali."

Hospitali ilikuwa na redio kwenye chumba kidogo karibu na wodi ya wazazi. Sista Efrazia, muuguzi wa wodi hiyo, aliposikia wanachotaka alikataa katakata. "Mgonjwa wangu ameambiwa alale."

"Sista, nitalala," Hilaria alimwambia. "Masikio ndiyo yatakayofanya kazi. Nikikaa hapa bila kujua kinachoendelea, ndipo nitakapoumwa kweli."

Sista aliguna, akaita wahudumu wawili. Walikisukuma kitanda mpaka mlangoni pa chumba cha redio, na waya wa kipaza sauti ukavutwa ukamfikia kwa shida.

"Shikamoo Dada Hilaria, habari ya hali yako? Ova," ilisikika sauti ya Zita, ikimaliza kwa neno la redioni la kumpa mwenzake zamu.

"Marahaba, mdogo wangu. Naendelea vizuri, mtoto anacheza. Nikolausi yupo? Ova."

Kukawa na mkwaruzo wa redio, kisha sauti ya Nikolausi, ndogo kama ya mtoto aliyevunja chungu. "Nipo, dada. Ni mimi niliyeibadilisha. Ova."

Hilaria alifumba macho. Alitaka kumkemea, kisha akamfikiria amesimama pale na wakubwa nyuma yake, akamhurumia. "Hukuibadilisha kwa nia mbaya. Nisomeeni pale palipobadilika. Kwa Kiswahili. Zita asome, wewe fuata kwa kidole. Ova."

Siku hiyo redio ilikuwa inasikilizwa mashamba yote, maana kila meneja alingoja habari za mikanda. Madereva wa kombaini walikuwa wamezunguka spika za ofisi zao, wengine na vikombe vya chai mkononi. Wote walimsikia Zita akisoma kama msomaji wa somo kanisani:

"Kama idadi iliyopo ni ndogo kuliko kiwango, andika agiza, ongeza idadi kwenye jumla. Nukta. Ova."

"Rudia, polepole. Ova."

Zita akarudia. "Kama idadi iliyopo ni ndogo kuliko kiwango, andika agiza..." Akanyamaza. Hermani alidhani mawasiliano yamekatika, akaanza kugusagusa vitufe. Kisha ikasikika sauti ya Zita, imepanda: "Dada! Hapa kwenye agiza sikupumua! Hakuna nukta!"

Ilikuwa ni hiyo tu. Programu ilitakiwa kufanya mambo mawili. Spea ikipungua, iandike neno agiza pembeni. Na kila spea, iwe imepungua au ni tele, ijumlishwe kwenye idadi ya mashamba yote. Kwa kukosa nukta katikati, mashine iliyashika mambo hayo kama sentensi moja, ikajumlisha zile zilizopungua peke yake. Mikanda ilikuwa tele, kwa hiyo ikahesabiwa kama haipo.

"Wekeni nukta, mchape upya," Hilaria alisema. "Na mzee Gidahosh asomewe kabla karatasi haijatoka. Mmenisikia? Ova."

"Tumekusikia, dada. Ova."

Halafu akaingia mtu mwingine kwenye masafa, dereva wa shamba la mbali asiyejitaja jina, akasema, "Dada, sisi huku tunakuombea ujifungue salama. Nukta." Vicheko vikajaa redioni, kila shamba likitaka kusema lake, mpaka Sista Efrazia alipokinyakua kipaza sauti na kuwaambia mgonjwa amechoka.

Nikolausi aliweka nukta yake, akamsomea mzee Gidahosh kila mstari, kisha akaomba aende mwenyewe na lori la mikanda. Alikuwa hajawahi kuiona kombaini kwa karibu, yeye aliyekuwa akiandika majina ya vyuma vyake kutwa. Alishika spana akawasaidia mafundi kufunga, akapandishwa juu na dereva, akazunguka shambani huku makapi yakimwingia kwenye kola na kwelea wakiruka mbele yao. Aliporudi alikwenda moja kwa moja stoo.

"Mzee, nisamehe. Ulikuja na mkanda begani, na mimi moyoni nilitaka kubishana na wewe."

"Hukubishana," alisema Gidahosh. "Ulitoka jasho. Nilikuonea huruma. Sasa nisaidie kupanga hizi beringi."

Hilaria alijifungua mwezi wa Septemba, mtoto wa kike mwenye mapafu ya kutosha, wakamwita Perpetua. Siku aliporudi kazini na mtoto mgongoni alikuta chumba cha kompyuta kimefagiliwa, na Nikolausi amekaa akimsomea Patriki programu mpya ya mafuta. Patriki alikuwa anasinzia, lakini kijana alikuwa anapumzika kila mwisho wa sentensi. Hilaria alisimama mlangoni akimsikiliza mpaka machozi yakamlenga, akajifanya anamrekebisha mtoto kwenye kanga.

Walikaa pamoja miaka mingine kadhaa, na wageni wengine wakaja wakafundishwa. Madereva waliendelea kumaliza maneno yao redioni kwa kusema nukta, hata wapya wasiojua ilikotoka. Baadaye mashamba yalianza kudorora, kombaini zikalala kwa kukosa spea za kweli, na mwishowe serikali ikaamua kujitoa. Nikolausi alipata kazi benki, Arusha, ambako Kobol ilikuwa bado ina kazi nyingi. Zita alikwenda kufundisha chuoni. Hilaria alirudi Masieda na Pascal, wakalima maharage na vitunguu, na hakuonekana mtu wa kujutia.

Mzee Gidahosh alikuwa akipanda kumtembelea mara moja moja, mwendo mrefu kwa mtu wa umri wake, na kibuyu cha maziwa mgongoni. Sehemu ya malisho ya zamani, yaliyokuwa yamelimwa ngano, ilikuwa imeanza kupitika tena, na ng'ombe wake walikuwa wameongezeka. Walikaa uani wakaongea habari za mvua, za shule ya Perpetua, za ndama aliyezaliwa na doa jeupe usoni. Pascal alipoleta ugali na mboga, mzee alinawa mikono, akamwambia Hilaria kwamba kwa upishi huu Wambulu wamesamehewa mengi. Hilaria alimjazia sahani mara ya pili.