Mto Uliochemshwa

Iko asubuhi moja ya kipupwe ambayo kila nikiikumbuka, vidole vya miguu vinaniwasha mpaka leo. Nilikuwa msichana wa kuchumbiwa, mwanangu, nimesimama ukingoni mwa mto, huku kwetu Kasulu, nimevaa kanzu nyeupe ya ubatizo. Nilikuwa nikimtazama Daforoza akiibuka majini. Alicheka, akajipangusa uso, maji yakamchuruzika kwenye ile ngozi yake laini isiyo na doa. Kwaya ikapaza sauti. Nami nikamwonea wivu mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

Daforoza alikuwa binti wa marehemu baba mdogo. Mama yake naye alifariki mapema, basi akalelewa kwetu, tukala sahani moja na kulala kitanda kimoja. Wazee wetu walitoka Burundi wakaanza maisha huku kwa jembe na mihogo, na kazi ya wasichana ilikuwa kuloweka mihogo kijitoni mpaka ilainike, kisha kuingia majini kuiopoa. Daforoza aliingia mpaka magotini, anaimba. Mimi nilibaki juu kumenya, kwa sababu nikigusa maji ya baridi mikono ilivimba mabaka na kuwasha kama nimeshika upupu. Wenzetu waliniita Malkia. Jina zuri, utasema. Lakini kila aliyelitamka alimgeukia Daforoza akamsifu: huyo ndiye mwanamke, huyo ndiye wa kuoa.

Watu husema wivu ni wa mali. Wasikudanganye. Mimi nimemwonea mtu wivu kwa sababu ya ngozi ya mikono yake.

Nilidhani ni kuwashwa tu, hadi siku mvua ya mawe iliponikuta nyuma ya bodaboda, natoka Kibondo kumsalimia shangazi. Midomo ilivimba, koo likabana, macho yakaingia giza. Kijana wa pikipiki, Mungu ambariki alipo, alinikimbiza zahanati ya karibu, nikachomwa sindano ndipo pumzi ikarudi. Wakasema niende hospitali ya misheni upande wa Kabanga, wiki ambayo daktari bingwa wa ngozi anakuja. Nilisindikizwa na mama mkubwa Spesioza, dada yake mama, shemasi wa kanisa letu, mwanamke asiyejua kunong'ona.

Daktari alikuwa mwanamke wa mikoa ya mbali, mpole wa maneno. Aliniuliza mengi: ilianza lini, maji ya friji yananifanya nini, mabaka hukaa muda gani. Kisha akaagiza barafu. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaniwekea mkononi, akawa anaangalia saa. Alipoiondoa nikamwambia mbona hakuna kitu. "Subiri ngozi ipate joto," akasema. Tukasubiri. Taratibu ngozi ikainuka, baka likachora umbo lile lile la kipande cha barafu.

"Hajarogwa," alimwambia mama mkubwa, ambaye swali hilo alikuwa nalo mdomoni. "Hii ni aleji ya baridi. Mwili wake ukiguswa na baridi unadhani umevamiwa, unajipigania wenyewe."

Akanipa vidonge, akasema ni vya kila siku, hata siku nisiyowashwa. Visipotosha nisijiongezee, nirudi aongeze yeye. Nisinywe vya baridi, nijifunike kwenye pikipiki, na nikiwa na jambo la upasuaji nimwambie daktari kabla. Midomo au koo vikivimba, hospitali palepale. Wengine ugonjwa huwaisha baada ya miaka, alisema, wengine huzeeka nao.

"Na mto?" niliuliza.

"Kuzama mwili mzima kwenye baridi, hapana. Hata kama umemeza dawa. Presha inaweza kushuka ghafla ukazimia humo humo majini. Na ukiwa umelowa, upepo nao ni baridi, usiusahau."

Sasa shida yangu uione, mwanangu. Kanisani kwetu mtu alibatizwa kwa maji mengi, mtoni, azame na nywele zake. Ambaye hajabatizwa hafungi ndoa madhabahuni. Mimi nilikuwa na mchumba wangu, Ezekieli, na Daforoza alikuwa na wake. Tarehe ya ubatizo ilishatangazwa. Je, Daforoza azame, aolewe, mimi nibaki ukingoni namshikia shela? Sikukubali. Mama nilimwambia dawa imeumaliza ugonjwa. Mama mkubwa, aliyedhani nimeahirisha, sikumwambia lolote, nikijua siku hiyo atakuwa jikoni nyuma ya vichaka, anawapikia chai wabatizwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini nani husikia methali akiwa na wivu?

Basi Daforoza akatoka, mchungaji akaniita kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Nikaingiza miguu. Maji yalinifika juu ya vifundo tu, nikahisi moto. Nikanyanyua mguu nisonge mbele, na hapo kanzu ikavutwa kwa nyuma nusura ichanike.

"Toka humo!" Alikuwa mama mkubwa, na mwiko mkononi. "Toka, mwana wanje, mwanangu! Umekuja kubatizwa au kuzikwa?"

Kwaya ilinyamaza. Nikatolewa mbele ya watu wote, mbele ya mama yake Ezekieli, miguu imevimba na mabaka yanapanda. Nikalia kwa hasira. Nikasema maneno ambayo sikupanga kuyasema: "Kila kitu Daforoza! Mto wake, sifa zake, ndoa yake! Mimi nina nini?"

Mama mkubwa alinitazama. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea chini.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Kila asubuhi mama yako anaamka kukuchemshia maji ya kunawa. Umewahi kujiuliza Daforoza ananawa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Alinawa yale ya pipa la nje, yaliyolala na baridi.

Kisha akamgeukia mchungaji. "Baba, mto huu ukichemshwa unaacha kuwa mto?" Mchungaji akakuna kidevu. Akatazama miguu yangu, akatazama mwiko. Mwishowe akasema maji ni ya Mungu, ya moto na ya baridi.

Hapo jirani palikuwa na shimo la wafyatua tofali. Vijana wakatandika turubai, kina mama wakateka maji mtoni wakayapasha kwenye masufuria ya chai. Chai ya siku hiyo tuliikosa, na wapo wanaonidai mpaka leo. Wa kwanza kufika na ndoo kichwani alikuwa Daforoza, kanzu bado imemganda mwilini, meno yanagongana. Alimimina, lakini hakuondoka. Alichuchumaa, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye yale maji ya uvuguvugu na kuiacha humo.

"Kumbe ndivyo yalivyo," akasema. "Miaka yote nakuona na beseni lako, nakuonea wivu. Nilikuwa natamani na mimi niugue."

Nikashuka shimoni nikakaa mbele yake. Mchungaji akapima maji kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, akanizamisha. Nilipoibuka, kina mama walinizungushia vitenge upepo usinipate, wakanikausha. Aliyenikausha miguu ni Daforoza.

Jioni ile nilimweleza mama maneno ya Daforoza. Kesho yake alfajiri nilisikia sauti jikoni, nikachungulia: ametenga sufuria kubwa kuliko ya siku zote, na mabeseni mawili.

Mwanangu, sisemi wivu uliniisha. Ninao kidogo mpaka leo, ukimwona Daforoza na wajukuu wake utanielewa. Lakini nakuusia: kabla hujatamani mto wa mwenzako, uliza ananawa nini asubuhi. Ugonjwa wako usiufiche kwa ajili ya harusi wala kwa kuogopa macho ya watu. Useme, maana anayejua ndiye atakayekuvuta kanzu. Ezekieli alijua siku ile, na mpaka leo maji yangu huyapasha yeye. La daktari lishike hata siku unayojiona mzima. Na ukipewa beseni la moto, tazama pembeni yako nani anatetemeka, umsogezee.

Mungu akupe ngozi yenye amani, akupe jiko lisilozimika alfajiri, na akupe mtu wa kukukausha miguu. Amina.