Rudi Saa Sita

Fundi saa huyu watu walimwita Nukta, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Alipewa kwa sababu ukimwahidi kuja saa nne, ukafika saa nne na nukta tatu, yaani sekunde tatu tu, alikutazama wewe, akaitazama saa ya ukutani, akakutazama wewe tena, mpaka unajikuta unaomba radhi kwa kosa usilolijua. Ndivyo alivyoumbwa. Barazani alikofanyia kazi, mbali kidogo na nyumbani, palikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, na ubao uliopigiliwa misumari, kila msumari na saa yake.

Ubao huo ndio ulikuwa sheria. Saa ikishatengenezwa haitoki siku hiyo. Inatundikwa siku tatu mfululizo, inasikilizwa asubuhi na jioni, ndipo mwenyewe anaitwa. Mteja akija juu, "Fundi, si hiyo inatembea, naiona kwa macho yangu!", Nukta alijibu bila kuinua kichwa: "Hata mgonjwa hutembea." Hakuna aliyewahi kumshinda hapo.

Mke wake alifariki mwaka uliopita. Alimwachia nyumba ya vyumba viwili, binti mmoja aliyeko mji wa mbali, na simu. Sasa simu ndiyo ilikuwa kazi. Miaka yote mkewe ndiye aliyeongea na binti: "Baba yako anakusalimu." Kisha kwa mumewe: "Mwanao anauliza, mguu umepona?" Nukta yuko palepale kitini, anasikia kila neno, anatikisa kichwa utadhani aliyeko kwenye simu anamwona. Mama alipoondoka, baba na mwana wakabaki kila mtu ng'ambo yake.

Binti alipiga kila Jumapili. Hujambo, baba? Sijambo, mama. Umekula? Nimekula. Kazi? Inaenda. Halafu kimya, kile kimya cha kumsikia mwenzako anapumua. Halafu, "Haya baba, wacha nikuache upumzike." Dakika mbili na nusu. Alizipima, angefanyaje, ndiyo kazi yake. Simu ikikatika, naye si mtu wa kulia, basi aliinuka kuosha sahani moja na kikombe kimoja.

Siku moja ukaja mzigo. Ndani mna mashine nyeusi, nyaya, na padi ya kushika mkononi. Simu ikalia.

"Baba, hiyo ni gemu. Inachezwa na watu wawili. Mwanzo unaucheza peke yako, ukishapita lango unanikuta nakusubiri. Tutatembea humo ndani huku tunaongea. Hata tusipokuwa na la kuongea, tutakuwa tunafanya kitu."

"Mimi na gemu wapi na wapi, mama?"

"Jaribu tu. Kila Jumapili saa kumi alasiri nitakuwa langoni."

Nukta akaitikia, lakini lile neno la "hata tusipokuwa na la kuongea" lilimchoma. Kumbe na yeye alikuwa anakisikia kile kimya.

Fundi wa televisheni wa mtaa wa pili akaja kuunganisha nyaya, akaweka maandishi ya Kiswahili, akamwonyesha vibonye, akaenda zake. Nukta akavaa miwani, akakaa.

Sasa jamani, msema kweli hachukiwi: mwanzo wenyewe ulikuwa wa hovyo. Kijimtu kimoja kimesimama uani mwa mzee mwenye kinu cha kusagia nafaka. Mzee anasema, fagia ua. Unafagia. Chota maji. Unachota, ndoo kwa ndoo, huku muziki wa filimbi unarudia palepale mpaka unatamani kumtafuta mpigaji. Hakuna adui, hakuna mbio, hakuna hata mbwa wa kukubwekea. Robo saa nzima mtu mzima anafagia ua usiokuwepo, na ua wake wa kweli umejaa majani! Mwisho mzee akasema: "Ufunguo wa lango ninao mimi. Rudi saa sita, nitakufungulia."

Nukta akatazama mkono wake. Ilikuwa saa tisa na dakika nane alasiri. Saa sita ya mchana imekwisha pita, na ya usiku haimhusu mtu mwenye heshima zake. Basi ni kesho. Akazima mashine.

Msicheke. Mtu aliyeishi miaka thelathini na tano kwa ahadi za saa, ukimwambia rudi saa sita, anarudi saa sita. Kesho yake alitundika kibao cha "Narudi sasa hivi", kibao kilichokuwa na vumbi la miaka, akaenda nyumbani, na mshale ulipogusa kumi na mbili akawasha mashine. Yule mzee wa kinu akamwambia: "Karibu, mgeni. Fagia ua."

Upya! Akafagia. Akachota. "Rudi saa sita, nitakufungulia lango."

"Si ndiyo hii!" Nukta akafoka, akainyooshea televisheni mkono wenye saa. Mzee wa kinu hata hakupepesa macho.

Akarudi na siku ya tatu. Ua uleule, ndoo zilezile. Akaapa kwamba mzee yule ni mwongo na aliyetengeneza gemu ile hajui kazi. Jumapili ikafika, saa kumi ikapita, na simu ikalia.

"Baba, sijakuona langoni."

"Ninakaribia," Nukta akasema. Uongo mtupu, alikuwa hajawasha mashine tangu katikati ya wiki.

"Mwanzo unachosha kidogo, najua."

"Hapana, mzuri tu."

Jumapili ya pili hakuweza tena kujikaza. "Mama, nikwambie ukweli? Kitu chenyewe kibovu. Nyota njema huonekana asubuhi. Mwanzo ukiwa vile, huko mbele kuna nini?"

Sauti ya binti ikawa ya mtu anayefunga dirisha taratibu.

"Sawa, baba. Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho. Pale ghalani ninakofanya kazi wananihamishia zamu ya Jumapili, na siku nitakayopumzika wewe uko kazini. Nitakuwa langoni saa kumi. Usipokuja si neno, sitakusumbua tena."

Dakika moja na nusu, basi. Usiku ule sahani haikuoshwa.

Wiki nzima Nukta alikuwa mkali kama pilipili. Jumamosi jirani yake wa barazani, mama mchonga funguo, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi, akachoka.

"Fundi, leo umewafukuza wateja watatu. Una nini?"

Akamsimulia, akitarajia kuungwa mkono. Mama mchonga funguo akasikiliza huku tupa inakereza.

"Mvumilivu hula mbivu," akasema.

"Akiwa amekaa chini ya mti wa matunda. Mimi nimekalishwa chini ya nguzo ya umeme."

"Umeipa muda gani?"

"Siku tatu! Kama saa yoyote ya kwenye ubao. Siku tatu kamili, robo saa kwa robo saa."

"Halafu unaizima."

"Naizima. Kwani nikae nayo nifanye nini? Kazi imekwisha, nimeambiwa nirudi."

Tupa ikasimama. "Ngoja kwanza. Hizi saa zako za msumarini, ukishazisikiliza robo saa, unazisimamisha?"

"Unaanza sasa. Nikisimamisha nitajuaje kama—"

Akageuka kuutazama ubao.

"Na huyo mzee," mama akaendelea, "hana saa nyumbani kwake?"

"Anayo, ukutani. Imeandika saa tatu. Mbovu, imekufa."

"Umejuaje imekufa?"

Fundi saa wa miaka thelathini na tano! Hakuwahi kuitazama mara mbili. Saa imo mbele ya macho yake, naye amekaa anatazama ya mkononi! Mama mchonga funguo akacheka mpaka akajishika mbavu, halafu akaacha ghafla, akasema kwa upole, "Nenda kakae nayo, fundi. Kaa tu."

Jumapili Nukta alianza saa nane na nusu. Akafagia, akachota. "Rudi saa sita." Safari hii hakuzima. Akasogeza kiti karibu na kioo, akatoa ile lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni, akaitazama saa ya ukutani kwa mzee wa kinu. Baada ya muda mshale ukasogea. Kidogo, lakini yeye si wa kudanganywa na mshale. Ilikuwa inatembea. Ilikuwa inatembea siku zote, ila ukiondoka inasimama, na ukirudi inaanza upya saa tatu.

Akapiga hesabu: kutoka saa tatu mpaka saa sita ya mle ndani ni karibu saa mbili za huku nje. Hakuna cha kufanya ila kukaa. Tatizo likawa hilohilo la kukaa. Tangu mazishi hakuwahi kukaa ndani ya nyumba ile mikono mitupu. Kitambaa cha mkewe kilikuwa bado kwenye mgongo wa kiti cha pili. Jokofu likanguruma, likanyamaza. Akaona haya, halafu uchungu, halafu yakaja yale ambayo siku zote aliyakimbia kwa bisibisi.

Binti alikuwa na miaka saba, siku yake ya kwanza katika shule mpya. Baba alimwambia mwenyewe, amemshika bega: "Nisubiri langoni, nitakuja saa sita." Kisha mteja mmoja akaleta saa ya mfukoni ya kizamani, nzuri ajabu, na Nukta akainamia meza. Alipoinua kichwa ilikuwa saa tisa. Mlinzi wa shule ndiye aliyemleta mtoto nyumbani. Mtoto hakulia, hakusema kitu. Ila tangu siku ile akitaka jambo kwa baba, alimwambia mama. Na baba, badala ya kuomba radhi, akaanza kuwa mtu wa nukta kwa wateja, mpaka akapewa na jina. Mtu mzima hovyo.

Ikafika saa kumi ya mkononi. Ya ukutani kwa mzee wa kinu ilikuwa bado saa tano na robo. Nukta akasimama, akakaa, jasho likamtoka. Akataka kumpigia simu, akaogopa kugusa chochote, mashine isije ikazimika. Saa kumi na dakika tano. Na kumi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemsubiri Nukta hata dakika moja, isipokuwa mmoja. Akavua saa ya mkononi, akaisukumia chini ya mto wa kiti.

Mzee wa kinu akainuka mwenyewe. "Saa sita imefika, na wewe upo," akasema, akatoa ufunguo.

Lango likafunguka. Ng'ambo yake barabara nyeupe, nyasi, na jiwe kando ya njia. Juu ya jiwe amekaa kijimtu cha koti la njano, miguu inaning'inia. Nukta akasimamisha kijimtu chake mbele yake, hajui afanye nini tena.

"Umechelewa, baba." Sauti ilitoka ndani ya televisheni, karibu kabisa.

Alikuwa na maelezo yote tayari, ya mzee, ya ukutani, ya kuzima na kuwasha. Yakamtoka kichwani. "Nimechelewa, mama. Si leo tu. Nimechelewa tangu ile siku ya shule. Nisamehe."

Kimya. Safari hii hakukipima.

"Mlinzi alinimenyea chungwa," binti akasema mwishowe. "Nikamwambia asinipeleke, baba yangu anakuja. Nilimwambia hivyo mpaka saa tisa." Akavuta pumzi. "Wenzangu kazini walioijaribu gemu hii wote waliiacha palepale uani. Wakaniambia, kitu chenye mwanzo mbovu hivyo unakipa muda wa nini? Nikawaambia, mimi nina baba."

Nukta akafuta macho kwa mkono wenye padi, na kijimtu chake kikaruka juu bila sababu. Binti akacheka, cheko la mamake lilelile, na nyumba ikasikika ina mtu.

"Siku yako mpya ya kupumzika ni ipi?" Nukta akauliza.

"Jumatano. Lakini Jumatano wewe uko dukani."

"Jumatano nafunga."

"Wewe? Ufunge?"

"Nafunga, nimesema. Wateja watasubiri." Akakiweka sawa kijimtu chake barabarani. "Haya, tangulia basi, mimi ni mgeni. Hii njia inakwenda wapi?"

"Sijui, baba," akasema yule wa koti la njano, akishuka jiweni. "Mimi pia niliishia hapa. Nilikuwa nakusubiri."