Visu Tulivyonunua Nanyuki

Jumamosi hiyo tulikuwa na ruhusa ya kutoka kambini hadi saa kumi na moja jioni, na mimi na Muriithi tukaingia mjini Nanyuki kununua visu. Mlima ulikuwa umefunguka tangu asubuhi, theluji yake ikionekana juu ya mabati ya maduka. Muriithi alitaka kula kwanza. Alimaliza sahani mbili za wali kwa maharagwe, huku akilalamika kwamba mchele huo haukuwa wa kwao. Kwao ni Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, na hakuna mchele mwingine duniani aliowahi kuusifu.

Yeye alikuwa dereva wa lori. Mimi nilikuwa muuguzi wa jeshi, mzaliwa wa Karatina. Wanaume waliniita Dokta ingawa sikuwa daktari. Tulikuwa tumejiunga na jeshi mwaka uleule. Wengine walidhani tulikuwa wapenzi, lakini haikuwa hivyo. Mimi ni mtoto wa pekee, na nilikuwa nimempata ndugu nikiwa mtu mzima.

Wiki mbili baadaye tungevuka mpaka kwenda Somalia. Waliorudi kutoka huko walikuwa wametuambia jambo moja tena na tena: nunueni kisu cha kukunja, kikae mfukoni. Mkasi wa kukatia bendeji nilipewa na serikali, lakini ulikaa ndani ya mkoba, na siku ya shida mkoba huwa umefunikwa na vitu vingine.

Duka tulilokwenda lilikuwa la mzee Mwislamu aliyeitwa Yusuf. Aliuza kamba, kengele za ng'ombe, tochi, sufuria na mapanga, na wateja wake walikuwa wafugaji na askari. Mimi nilivutiwa na kisu kimoja kilichong'aa, chenye msumeno, kifungua chupa, na hata dira ndogo kwenye mpini. Muriithi alinipokonya.

"Hii ni ya watalii," alisema. "Ati dira! Ukipotea Somalia utaulizia kisu njia?"

Mzee Yusuf alicheka, akatandaza vingine kumi na kitu juu ya gunia. Vile vya kigeni, vilivyokaa ndani ya kabati la kioo, hatukuomba hata kuviona. Muriithi alivichukua hivi vya gunia kimoja kimoja. Kwanza alijaribu kukifungua kwa mkono mmoja, kwa kidole gumba, kwa sababu mkono wa pili, alisema, utakuwa umeshika kitu kingine. Kisha alikishika kikiwa wazi, akagonga mgongo wake kwenye ubao wa meza. Ndani ya mpini kuna kibati cha chuma kinacholikaza bapa lisijikunje. Visu viwili vilijikunja palepale. Akaviweka kando.

"Hiyo ingekula vidole," alisema. "Bei rahisi ni sawa, lakini si ya kukulipisha vidole."

Halafu akamwomba mzee maji, akalowesha viganja, akajaribu mipini. Ule wa chuma kitupu uliteleza. Ule wa plastiki ya mikwaruzo ulishika. Mzee Yusuf alimtazama kwa heshima ya mtu wa kazi anayemtazama mwenzake. Akatoa kipande cha mkanda mnene wa kufungia mizigo, akatuambia tukate. Chenye makali laini kilihitaji kuvutwa mara nne. Chenye meno nusu ya bapa kiliukata kwa mivuto miwili.

"Lakini binti yangu," mzee aliniambia, "hicho cha meno ni kigumu kunoa. Hiki kingine hata jiwe la mtoni linakinoa."

Muriithi alichukua cha makali laini, kwa kuwa alitaka kisu cha maisha, cha kumenya muwa na kukata kamba za magunia hata akistaafu. Mimi nikachukua cha meno. Tulipokuwa tukitoka, mzee alituuliza tunakwenda wapi, nasi hatukumjibu, maana tulikatazwa kusema. Alijua tu.

"Dada yangu anaishi upande ule," alisema. "Mkikutana na watu wa kule, wasalimieni vizuri."

Kule, kwa miezi mitano, visu vyetu havikufanya chochote cha vita. Nilikitumia changu kufungua mikebe, kutoa miiba kwenye nyayo za viatu, kukata vitunguu. Muriithi alinunua tikitimaji kwa wanawake waliouza karibu na kizuizi cha barabarani, akalipasua juu ya boneti ya lori na kugawia kila aliyepita. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu. Mama alimuuliza kama amekula, naye akamjibu kwamba amekula, ila mchele wa huku ni taka. Niliyasikia mazungumzo hayo hadi nikayajua kwa moyo.

Asubuhi ya tukio tulikuwa tunapeleka maji na dawa kwenye kambi ndogo. Msafara ulikuwa na magari matano. Muriithi aliendesha lori la pili, na pembeni yake alikaa mtu wa redio, Koplo Kiprono, kijana wa Bonde la Ufa ambaye nilimjua kwa salamu tu. Mimi nilikuwa katika gari la tatu. Muriithi alinipigia honi mbili fupi tulipotoka langoni, kama alivyofanya siku zote.

Barabara ilikuwa mchanga mweupe na vichaka. Gari la kwanza lilipita.

Lori la pili lilinyanyuka.

Sauti niliisikia baadaye, au ndivyo ninavyokumbuka. Kwanza niliona magurudumu ya mbele yako hewani, kisha vumbi, kisha sikuona kitu.

Risasi zikaanza kutoka vichakani upande wa kulia. Wenzetu wakajibu. Sajini wetu alipiga kelele kwamba moto unaanza chini ya injini ya lori. Nikaruka chini na kukimbia nimeinama, kisu tayari mkononi. Sikumbuki kukitoa mfukoni.

Nilifika nyuma ya lori. Pua yake ilikuwa imezama kwenye shimo la bomu.

Ukiwa nyuma ya lori una njia mbili, kushoto na kulia.

Kushoto Kiprono alikuwa akilia kwa sauti ambayo sijawahi kusikia mtu mzima akiitoa. Kulia hapakuwa na sauti.

Sisi wauguzi tulifundishwa neno hili hadi likatuchosha: anayepiga kelele ana pumzi, mtafute aliyenyamaza. Nililijua. Nilikuwa nimewafundisha wengine.

Nikaenda kushoto.

Mlango ulikuwa umeng'oka. Dashibodi ilikuwa imembana Kiprono mguu, na mkanda wa kiti ulikuwa umekaza na kugoma kufunguka. Nilipopenyeza kisu chini ya mkanda nilimwona Muriithi ng'ambo ya Kiprono, ameegemea usukani, uso umenigeukia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yakinitazama.

"Wangui," alisema.

Hakuniita Dokta. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniita jina langu.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

"Sawa."

Mkanda ulikatika kwa mivuto miwili. Tulimvuta Kiprono, mimi na askari mwingine, na mguu ulipotoka damu iliruka. Nikamlaza nyuma ya gurudumu na kumfunga paja. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri. Nilikaza, nikaangalia, nikakaza tena. Kisha nikazunguka upande wa kulia, risasi bado zikipita juu.

Nilikata mkanda wa Muriithi. Ulikatika upesi kama ule wa kwanza.

Ndipo nilipoona sakafu. Damu yake yote ilikuwa pale chini, kwenye breki na klachi, imetoka pajani kimyakimya wakati wote huo. Kidonda kilikuwa mahali ambapo ningeweza kukibana kwa ngumi.

Tulimtoa. Nikabana. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimwita kwa jina, nikamwita mara nyingi, na hakuitika. Moto ulipofika kwenye kiti chake alikuwa tayari mchangani, na alikuwa tayari amekwenda.

Daktari wa kambini, mtu mpole, alinikalisha siku ya pili. Aliniambia kwamba kwa jeraha la namna ile, huenda Muriithi asingefika hospitalini akiwa hai hata kama ningeanza naye. Nilimuuliza maana ya huenda. Akanishika bega, akaenda kwa majeruhi wengine.

Nililetwa nyumbani pamoja na jeneza. Huko Wang'uru tulipokewa na mama yake, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyopasuka kwa maji ya mashamba. Ofisa aliyetuongoza alimwambia kwamba mwanawe alikufa papo hapo, hakusikia maumivu. Mama aligeuka, akanitazama mimi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa nilikuwepo.

"Ni kweli, mwanangu?"

Nikasema ni kweli.

Tulimzika kwenye udongo mweusi nyuma ya nyumba. Vitu vyake mama alikabidhiwa katika sanduku: sare, Biblia ndogo, simu, na kile kisu cha makali laini, ambacho siku ile hakikutoka mfukoni.

Niliacha jeshi mkataba ulipokwisha. Sasa nafanya kazi katika zahanati mjini Nyeri, nawapima wazee shinikizo la damu na kuwachanja watoto. Kiprono anatembea kwa mguu wa bandia, ana mke na watoto wawili, na hunipigia simu sikukuu zote. Ananiita dada. Watoto wake wananiimbia kwenye simu, nami ninacheka nao, na siku hizo sifanyi kazi nyingine yoyote ya maana. Siwezi kutamani kwamba asingekuwa hai. Nimejaribu kulipima jambo hilo kwa kila njia, na kila mara nafika mahali ambapo lazima mmoja wao abaki kwenye kiti.

Kisha binamu yangu mdogo, msichana ninayempenda sana, akachukuliwa jeshini. Alinipigia simu kutoka Nanyuki akitaka nimwambie anunue kisu gani, maana niko na uzoefu na yeye hana pesa nyingi. Nilimwambia yote. Kifunguke kwa gumba. Gonga mgongo wake kwenye ubao, kikijikunja achana nacho. Jaribu mpini na mkono uliolowa. Chukua chenye meno nusu. Usidanganywe na kung'aa.

Akasikiliza, nikasikia anaandika. Halafu akauliza, "Na hiyo yako, cucu, ilikusaidia kweli?" Huniita cucu, nyanya, kwa mzaha, kwa sababu nilipewa jina la nyanya yetu.

Nikamwambia kilikata vizuri. Nikakata simu, nikaketi.

Jumamosi iliyofuata nikashuka hadi Wang'uru. Mama Muriithi alinikumbuka kabla sijataja jina. Alikuwa uani akipepeta mchele. Alinitolea kiti, akanipikia chai, akauliza habari za wazazi wangu. Niliweka kikombe chini. Nikamwambia.

Nilimweleza kuhusu milango miwili ya lori. Nilimwambia kwamba mwanawe hakufa papo hapo, kwamba alikuwa na fahamu zake, kwamba aliniita, na kwamba mimi nilianza na mwingine kwa sababu ya kelele.

Aliendelea kushika ungo bila kupepeta.

"Ulimwambia nini alipokuita?"

"Nilimwambia angoje kidogo."

"Na yeye?"

"Alisema sawa, mama."

"Huyo mtoto alikuwa hivyo," alisema. "Tangu akiwa mdogo. Unamwambia ngoja, anangoja. Nilikuwa nikimsahau kanisani, nikirudi nampata palepale amekaa."

Kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Aliweka ungo chini, akafunika uso kwa leso, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Sikujua kama niko na ruhusa ya kumgusa. Sikumgusa.

Aliponyamaza aliingia ndani, akatoka na mfuko wa mchele, kwa kuwa mgeni haondoki kwake mikono mitupu. Alinisindikiza hadi kwenye mfereji, na hapo akasimama.

"Yule mwingine, yuko hai?"

"Yuko hai. Ana watoto."

"Hiyo ni vizuri," alisema, na nadhani alimaanisha. Akatazama maji ya mfereji. "Mwanangu, usirudi tena hapa. Sijakukasirikia. Umenieleza ukweli na Mungu akubariki. Lakini ile habari ya kwanza nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa nalala. Sasa nikikuona nitakuwa nasikia vile alikuita."

Nikainamisha kichwa, naye akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akageuka akarudi nyumbani kwake, akipita kando ya kaburi bila kulitazama.

Nilikwenda kwake ili niutue mzigo, nami nikautua kwake. Huu ni mwaka wa nne. Sijarudi.