Nati Isiyolia

Nimerudi Magwagwa kujenga, na nyumba nimeijenga ya ghorofa, wenye macho wameiona. Lakini asubuhi ya kwanza nilipoamka ndani yake, rafiki yangu, nilihisi kuna kitu kimepungua. Jogoo walikuwepo, ng'ombe walikuwepo, mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kwenye majani ya migomba. Kilichokosekana ni mlio wa injini ya kinu cha nyanya yangu.

Miaka ya sitini ikielekea kwisha, kinu kile kilisagia kilima kizima. Kilikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, gurudumu lake kubwa kuliko mimi. Ndani kulinukia moshi, mkanda uliopata moto, na nafaka ya wimbi iliyotoka kusagwa sasa hivi. Nyanya alikuwa mjane, na kinu ndicho kilichotulisha na kutusomesha. Sisi Wasabato hatusagi Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa foleni ilifika barabarani, kila mama na debe lake, akitaka unga kabla jua halijazama. Mimi niliosha vyuma kwa dizeli, tena nilikuwa mkalimani. Nyanya hakujua Kiswahili. Fundi, aliyetoka upande wa ziwa, hakujua Kikisii. Bila mimi wangebaki kuonyeshana vidole.

Mwaka mmoja konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, ililegea mara mbili. Mara ya pili ilituharibia beringi. Fundi akasema ikilegea tena itatoboa tumbo la injini, na hapo kinu kimekwisha. Injini nyingine tungeitoa wapi? Tayari shemeji yake nyanya, ndugu wa marehemu babu, alikuwa amekuja kupima chumba cha kinu kwa miguu, akisema kitamfaa kuwa duka. "Mwanamke na injini," alipenda kusema, "ni kama kuku na jembe."

Ijumaa moja fundi alileta bolti mpya za konrodi. Akazifuta kwa kitambaa mpaka zikakauka kabisa, akaanza kukaza. Nati zikalia, kwii, kwii, na uso wake ukachangamka. Alikuwa na msemo ambao soko zima liliuamini: nati ikilia, imeshika.

Mimi nikasema haijashika, ipakwe oili kwanza.

"Mafuta hulegeza," akanijibu. "Mwambie nyanya yako."

Nikamwambia. Kisha nikaongeza yangu kwa Kikisii. Nilisema kamba kavu ya mgomba nayo hulia ukifunga kuni. Unadhani imekaza, ukifika nyumbani mzigo umelegea. Ukiilowesha, hupita kimya na kuuma. Nguvu za fundi, nikasema, zinaliwa na chuma kinachokwaruza chuma, hazifiki kwenye bolti. Nyanya, aliyefunga kuni maisha yake yote, akacheka.

"We mtoto!" fundi akamaka. "Mimi nimesema maneno mawili, yako yamekuwa gunia. Umemwambia nini?"

"Kwamba ufungue, upake oili."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Msichana wa kupepeta wimbi anamfundisha fundi! Ikipasuka mniite, nitakuja na kufuli."

Nyanya hakumtazama. Aliniamuru nitafsiri neno kwa neno: "Kavu tumejaribu mara mbili. Leo tutafanya ya mtoto huyu. Ikipasuka, nitarudi kwenye jiwe. Nilikuwa nasaga kabla ya injini."

Fundi akafungua. Nikadondosha oili ya injini kwenye meno ya bolti, na chini ya nati pale inapokalia. Akavuta spana ileile, kwa mkono uleule, na nati ikapita kimya pale ilipokuwa imegomea. Kisha akanyoosha mkono kuchukua bomba la kurefushia spana. Nikalikanyaga.

"Sasa nguvu zote zinafika," nikamwambia. "Ukiongeza bomba, utaikata bolti."

"Una kichwa kigumu kama kranki," akasema, lakini bomba akaliacha.

Injini ikawashwa. Nyanya alisimama kando yake mchana wote, kiganja kwenye chuma kama mtu anayepima homa, mpaka debe la mwisho likasagwa na jua likiwa bado juu ya kilima. Shemeji aliondoka mapema. Mkewe alikuwa kwenye foleni.

Baadaye katika chuo cha ufundi, mwanamke peke yangu darasani, nilifundishwa kwa spana ya kipimo kwamba bolti hukazwa ili ivutike kidogo, na kwamba kipimo cha nati yenye oili hakifanyi kazi kwenye nati kavu. Wenzangu waliandika. Mimi nilikunja mikono. Diploma ile iko ukutani kwangu, na somo lile nililipita nikiwa sina viatu.

Sasa nyanya amelala nyuma ya migomba. Injini iliuzwa chuma chakavu umeme ulipoingia, na unga tunanunua wa pakiti, hata mimi. Ijumaa jioni haina tena vumbi jeupe kwenye nyusi za akina mama. Hayo yamekwenda, na sitadanganya kwamba yatarudi. Lakini shemeji alipozikwa, msemaji alisimulia jinsi marehemu alivyookoa kinu cha ukoo. Nilisimama katikati ya wazee nikasema kinu kilikuwa cha mwanamke, na nati zilikazwa nilivyosema mimi. Wakaniambia nikae.

Sikukaa.