Jumamosi Punda Alipotupeleka Mashineni

Kabla sijasema lolote, nikiri: gunia lilikuwa wazo langu. Wengine wote wana makosa madogo madogo, lakini gunia ni langu.

Sista aliyesimamia mazoezi ya watoto walemavu pale parokiani alirudi safarini na habari moja tu. Huko alikokwenda aliona watoto wasioweza kukaa wakipandishwa juu ya farasi wadogo, wanazungushwa taratibu, na baada ya miezi kadhaa migongo yao inakaza. Akatangaza kanisani kwamba anataka watu wa kujitolea, na farasi. Watu walipatikana. Farasi, Ifakara nzima, nilimjua mmoja, na huyo alikuwa kwenye kitabu cha darasa la tatu, tena mguu mmoja umeliwa na panya.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Kisukuma wa upande wa Namawala, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Hakuwa Mkatoliki wala hakuwa na mtoto mlemavu, ila alikuwa na punda jike ambaye Jumamosi humpumzisha. Siku nyingine zote punda huyo alibeba magunia ya mpunga kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kukoboa, jirani na soko. Mzee alimleta, akamkagua sista kuanzia shela hadi viatu, akasema punda wake ana akili kuliko baadhi ya majirani zake, kwa hiyo tusimfundishe tabia mbaya.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, na nilijitolea kwa namna ya pekee. Mwalimu wa zamu alinifuma nikimwigiza anavyotembea, akanipa nichague: viboko, au Jumamosi zangu kwa sista. Nikachagua sista. Isitoshe, mmoja wa wale watoto alikuwa mdogo wangu.

Alikuwa na miaka saba. Kichwani alikuwa sawa kuliko mimi, ila mwili haukumsikiliza: shingo inalegea, mgongo unapinda, na maneno yanatoka moja moja kama ndoo kisimani. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kujigonga makusudi kwenye fremu ya mlango, na kazi yake kucheka mpaka apaliwe. Mtaani wengi hawakumjua kabisa. Mama alimtoa alfajiri tu, mgongoni, kwa njia ya nyuma ya nyumba, amemfunika kanga hadi utosini; ukikutana naye utadhani anapeleka maandazi. Bibi ndiye aliyemtia maneno kwamba watu wataanza kuuliza amemkosea nani mpaka akapata mtoto wa hivyo. Sidhani kama mama alimwonea aibu. Nadhani alikuwa amechoka kujibu.

Kwa hiyo alipokubali, alikubali kwa masharti. Jumamosi tatu za majaribio. Ndani ya ua wa kanisa, nje ya geti hapana. Na ile ya tatu angekuja kuona mwenyewe. Asiporidhika, mtoto anarudi chumbani na sista asimfuate tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: sista anashika kamba mbele, na watu wawili wanatembea ubavuni, kila mmoja ameshika goti la mtoto. Sheria ilikuwa moja, mkono usitoke gotini hata nyuki wakija. Goti la kushoto lilikuwa langu. La kulia lilikuwa la mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu shule ya msingi, na ambaye, kwa kuwa nilikuwa karibu, aliendelea kunifundisha hesabu. Mgongoni kwa punda tuliweka kipande cha godoro. Punda alizunguka ua taratibu kama anasindikiza maiti. Jumamosi ya pili mdogo wangu alikaa wima mzunguko mzima bila kuegemea mtu. Sista akafuta macho, akasingizia vumbi.

Halafu Ijumaa mvua ikanyesha na godoro likalowa. Ndipo akili yangu ikafanya kazi. Jumamosi asubuhi nilikwenda mashineni, nikaomba pumba za mpunga, nikajaza gunia nusu, nikalifunga mgongoni kwa punda kama nilivyomwona mzee akifunga mpunga wake, fundo kwa fundo. Lilikuwa laini kuliko kitanda changu. Hata mwalimu mstaafu alinisifu, na yeye hajanisifu tangu darasa la nne.

Mzee alikuwa ameshatuachia punda, akaenda dukani kutafuta tumbaku. Mama akafika, akaegemea ukuta, mikono kifuani. Tukampandisha mdogo wangu. Punda akageuza kichwa, akalinusa gunia, akatoka getini.

Hakukimbia. Sitaki watu waseme alikimbia. Alitembea kama karani aliyechelewa ofisini. Sista alivuta kamba mpaka viatu vyake vikachora mistari miwili mchangani, kisha kamba ikamponyoka. Kumteremsha mtoto punda akiwa mwendoni ilikuwa hatari, na sheria ni sheria, kwa hiyo mimi na mwalimu tukaenda naye, kila mtu na goti lake. Nyuma yetu sista alipuliza filimbi, ambayo punda aliichukua kama kutiwa moyo. Nyuma ya sista alikuja mama, kanga mkononi, ndala mguu mmoja.

Tukashika barabara kubwa, siku ya soko. Wakati huo vyama vya siasa vilikuwa ndiyo vimeanza kuwa vingi, basi fundi baiskeli mmoja akauliza sisi ni chama gani. Mwalimu akamjibu kwamba bado hajaamua. Wanafunzi wenzangu walikaa barazani wanasikiliza redio kaseti. Wakaizima ili wanicheke vizuri. Mimi sikucheka. Geti tumelipita, mtoto ameonekana na mji mzima, na aliyefunga gunia ni mimi. Nikainua macho nimwombe mdogo wangu msamaha. Alikuwa amekaa wima kama diwani, anapungia watu mkono.

Mashineni kulikuwa na foleni ya akina mama na magunia yao. Punda akaenda mwisho wa foleni, akasimama. Foleni ikisogea hatua moja, naye anasogea hatua moja. Adabu kama ile sijaiona kwa kiumbe mwingine pale mashineni. Tulimsukuma, tukambembeleza, mwalimu akamwamuru kwa sauti ya mkaguzi wa shule. Wapi.

Mama mmoja mwenye ungo akaona nafasi, akajipenyeza mbele ya punda. Mdogo wangu akaanza kulivuta neno lake kutoka chini kabisa kisimani.

"Foleni," akasema. Akapumua. "Mama. Foleni."

Wakacheka mpaka mtu wa mashine akatoa kichwa nje, mweupe wa vumbi hadi kope, kuuliza kuna nini. Mwenye ungo akarudi nyuma.

"Haya bosi, nisamehe." Kisha akawageukia watu, kwa ile sauti ya kushindana na mashine: "Mtoto wa nani huyu?"

Mama alikuwa ndiyo anafika, anahema. Niliona mikono yake ikiikunjua kanga, tayari kumfunika. Nikafungua mdomo niseme ni wa parokia, ni wa sista, ni wa mtu yeyote.

"Wangu," mama akasema. Akamtazama mwenye ungo. "Na amekwambia foleni."

Mzee wa Kisukuma alitukuta hapo hapo, shavu limejaa tumbaku. Aliliangalia gunia, akayaangalia mafundo yake, akaniangalia mimi. Akasema ukimfunga yule punda gunia umeshamwajiri, na hageuki mpaka mtu wa mashine aupokee mzigo kwa mikono yake. Basi ikabidi tungoje zamu yetu. Mtu wa mashine alipofungua akauliza kama hizi si pumba alizonipa asubuhi. Nikamwambia ndizo, hazikukobolewa vizuri.

Wakati wa kurudi punda hakuwa na kitu mgongoni. Mama akaikunja kanga yake mara nne, akaitandika, tukampandisha mtoto juu yake. Goti la kushoto akalishika yeye. Mimi nikaachiwa filimbi, na onyo nisiipulize. Tulirudi kwa barabara ile ile. Watu walimuuliza maswali njia nzima, na mama aliyajibu yote, mengine kwa ukali, lakini aliyajibu.

Mimi kwa ajili ya gunia niliosha vyombo wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama uani anafunga mpunga kwenye kifuko, kama nusu debe hivi. Nikauliza wa nini.

"Mwambie sista azungushe kwanza mizunguko yake kanisani," akasema. "Halafu apite mashineni. Asiende mikono mitupu."

Bibi, pale kwenye mkeka, akafungua mdomo.

"Na wewe, mama," mama akamwahi, "kama unataka pumba za kuku wako, mwagize mjukuu wako sasa hivi, kabla hajapanda punda."