Mtungi wa Kutazamwa

Hebu mwone Mama Ritha akishuka kwenye bodaboda asubuhi ya maonyesho ya sanaa, kule Shinyanga mjini, kwenye mtaa wa maduka ya zamani. Ametoka Kishapu. Mtungi ameupakata kama mtoto mgonjwa, kaufunga kanga mbili, na njia nzima kamfokea dereva kwa kila shimo.

Huyu ni mfinyanzi, na huu ni mwaka wake wa nne hapa. Mwaka wa kwanza walimpanga pamoja na mama lishe. Mwaka jana mtu alitegesha spika juu ya chungu chake. "Mimi nimekuja kwenye sanaa," aliwaambia, "siyo kwenye vyombo!" Wakacheka, wakasema mama huyu ana vituko.

Safari hii kaleta mtungi mmoja tu. Miezi miwili ameuhangaikia: kuusugua kwa jiwe la mtoni mpaka ukang'aa, kuuchoma kwa mavi ya ng'ombe, kisha kuuchorea wacheza ngoma ishirini na wawili kwa udongo mweupe, wakizunguka tumbo lote. Saa nne majaji watapita. Kazi moja watakayoichagua itabaki siku zote ndani ya ghala la zamani la pamba, ambalo sasa ni jumba la sanaa, pale mwisho wa mtaa. Mama Ritha anataka mtungi wake ubaki mle. Basi.

Akauweka mezani, akaenda kujiandikisha. Foleni ndefu, na kalamu yenyewe imekauka wino. Aliporudi akakuta watu wamepanga mstari mbele ya meza yake. Moyo ukamruka kwa furaha. Kisha akaona kikombe cha plastiki.

"Agapiti!" akaita. Agapiti ni katibu wa maonyesho, mtu mpole, beji shingoni. "Nani katia maji humu?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Wageni wana kiu, jua lenyewe unaliona. Nikakuta mtungi mtupu..."

"Mtupu kwa sababu ni wa kutazamwa!"

"Mtupu, mama?" Agapiti alishusha sauti, kama anayemsitiri. "Mbele ya wageni?"

Bibi mmoja akapangusa midomo. "Wabeja, mayu! Asante sana, mama. Maji baridi haya, friji gani itaweza?"

"Bibi, umewaona wacheza ngoma?"

"Wapi? Ngoma imeanza?"

Mama Ritha akainama. Mtungi ulikuwa unatoka jasho, kama utokavyo mtungi wowote mzuri, na udongo mweupe ulikuwa unachuruzika. Wachezaji wawili walikuwa wamebaki miguu tu.

"Lete ndoo, Agapiti. Tuyahamishe."

"Ndoo zote ziko kwa mama lishe, kule mwisho. Nikimbie?"

"Kimbia!"

Lakini majaji walikuwa wameshafika meza ya tatu kutoka yake. Mama Ritha akaushika mtungi kwa mikono miwili, tayari kuuinamisha. Mbele kabisa ya mstari alisimama dada mmoja mjamzito, Loveness, aliyetembea kwa miguu toka stendi, kikombe keshakinyoosha.

"Mayu, na mimi kidogo tu."

Mama Ritha akasonya. Majaji wakahamia meza ya pili. Mchezaji wa tatu akaanza kupoteza kichwa.

Sasa wewe unayenisikiliza, ungekuwa ni wewe uliyeushika ule mtungi, ungeyamwaga?